Mohamed Amin: Mwana wa mwashi wa reli aliyeihifadhi historia kwa kamera

KATIKA kisiwa cha Mombasa, inakoishia barabara ya Haile Selassie, ipo stesheni ya zamani ya reli ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mlango wa kuingilia bara. Aliyeshuka melini Kilindini akielekea Nairobi, Kisumu au Kampala alipitia hapo. Kijana wa Mji wa Kale aliyepata nafasi ya kusoma Makerere aliagwa hapo na mama na shangazi waliojifunga buibui, huku kikapu cha mikate ya sinia na samaki wa kukaanga kikipitishwa dirishani dakika ya mwisho. Treni iliondoka jioni, ikavuka Makupa, ikapanda vilima vya Changamwe na Mazeras gizani, na kulipokucha abiria walikuwa wakiwatazama swara wa nyika ya Athi.

Katika watu waliojitahidi kuihifadhi sura ya reli hiyo kabla haijapotea, hapana aliyefika mbali kama Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyefariki mwaka 1996. Jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya njaa ya Ethiopia ya 1984, na ni haki yake. Hata hivyo, miaka miwili baada ya picha za njaa kuizunguka dunia, mtu huyo ambaye angeweza kwenda popote na kupewa kazi yoyote alitoa kitabu kikubwa cha picha kuhusu njia ya treni itokayo Mombasa. Ili kuelewa kwa nini, sharti mtu aanze na baba yake.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, katika familia ya Waislamu wa Kipunjabi. Baba yake, Sardar Mohamed, alikuwa mwashi katika idara ya reli. Kazi ya mwashi wa reli haikuwa ya kusifiwa magazetini. Ni kujenga kuta za stesheni, nguzo za madaraja, matangi ya maji na nyumba za wafanyakazi, kisha kuhamishwa kwingine kazi inapokwisha. Watoto wa wafanyakazi hao walikua wakihesabu saa kwa honi za treni, na walijua kwamba mzigo wa nyumba nzima unaweza kutiwa behewani wakati wowote baba apokeapo barua ya uhamisho.

Barua hiyo ilikuja mapema katika miaka ya 1950, na familia ikahamia Dar es Salaam. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zimeunganishwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwashi wa Nairobi angeweza kuamkia kazini Dar es Salaam bila kubadilisha mwajiri. Wakati huo mipaka ilikuwa mistari kwenye ramani tu, na kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli Afrika Mashariki ilikuwa nchi moja ndefu yenye stesheni nyingi.

Reli yenyewe ilikuwa na historia nzito. Mnamo 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Pwani ilitandika reli nyembamba ya maili chache, ikashindwa kuendelea. Vyuma vyake havikupotea bure. Vilitumika kwa matoroli ya Mombasa, vigari vidogo vyenye kiti na paa la turubai vilivyosukumwa na wanaume wawili kutoka pande za Mji wa Kale hadi Kilindini. Maafisa na matajiri walipandishwa humo kama bwana harusi, na waliosukuma walitiririka jasho. Motokaa zilipoenea, matoroli hayo yakatoweka, na leo yamebaki katika picha za kadi za posta tu.

Reli ya kweli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Kizuizi cha kwanza kilikuwa mkono wa bahari unaokitenga kisiwa na bara, na hapo Makupa likajengwa daraja la muda la mbao ili kazi isisimame. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine maelfu walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Huko Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwala wafanyakazi hata kazi ya daraja ikasimama. Habari ya simba imesimuliwa sana kupita kiasi. Malaria na kuhara viliua wengi zaidi bila kuandikiwa kitabu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa kinamasi, na ikagusa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, karibu kilomita 940 kutoka baharini. Wengi wa vibarua walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini wapatao 6,700 walibaki. Hao ndio waliofungua njia ambayo jamaa za kina Sardar Mohamed waliifuata baadaye.

Kwa Mombasa yenyewe, reli ilileta riziki na ikaondoa riziki nyingine. Bandari ya Kale iliyo kando ya Ngome ya Yesu, ambako majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuwa yakitia nanga kwa karne nyingi kwa pepo za kaskazi, haikuwa na kina cha kupokea meli kubwa za vyuma. Mizigo ya reli ilishushwa Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na biashara nayo ikageuza uso ikaelekea huko. Misafara ya wapagazi na pembe za ndovu ikafa. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, mji ambao umri wake haukutimia miaka kumi. Zilipofunguliwa gati za kwanza za maji marefu Kilindini mwaka 1926, mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Ndia Kuu ilibaki na nyumba zake za roshani na milango ya nakshi. Fedha zilikuwa zikipita kwenye reli.

Ujenzi huo ulipata mpigapicha wake. William Young alipiga picha za madaraja, kambi na vibarua, na picha zake zimechapishwa mara nyingi kuliko jina lake. Lakini mtazamo wake ulikuwa wa mwenye reli. Waliopinda migongo kwenye mataruma wanaonekana kwa mbali, wadogo, bila majina. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa mtoto wa mmoja wa watu kama hao kushika kamera.

Kamera ya kwanza ya Mohamed Amin ilikuwa Box Brownie kuukuu, aliyoipata akiwa mvulana wa shule Dar es Salaam. Ilikuwa kisanduku tu chenye tundu la kioo. Kijana huyo alijifunza kusafisha picha mwenyewe, akajipenyeza katika chama cha upigaji picha cha shule ambako umri wake haukumruhusu, na kabla ya kumaliza masomo alikuwa akiuza picha za mashindano ya magari ya Safari kwa magazeti. Alikuwa na tabia mbili zilizomfaa na kumponza maisha yake yote: kutokubali kuambiwa kwamba mlango umefungwa, na kufika kabla ya wengine.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, mjini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Ni mwaka huohuo ambapo reli ya kati ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Tanga kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, hivi kwamba kwa mara ya kwanza behewa liliweza kutoka Mombasa, likapitia Voi, Taveta na Kahe, hadi Dar es Salaam bila kugusa meli. Mwungano huo wa vyuma ulitimia wakati viongozi wa nchi tatu walipokuwa wakijadiliana kuhusu shirikisho la kisiasa ambalo halikuja.

Januari 1964 yalizuka mapinduzi ya Zanzibar. Amin alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa kwanza kutoa filamu za kisiwa hicho katika siku zile za damu. Sifa zake zikafika London. Lakini Zanzibar ndiyo pia iliyomwonjesha gharama ya kazi hiyo. Alirudi huko akapiga filamu za wataalamu wa kijeshi kutoka Urusi na Ujerumani Mashariki wakifundisha askari, jambo ambalo wakuu wa visiwa hawakutaka lijulikane. Mwaka 1966 alikamatwa, akatiwa katika gereza la Kilimamigu, akateswa. Takriban wiki nne baadaye alitolewa akiwa amekonda na kudhoofika, akafukuzwa hadi Kenya, nchi aliyozaliwa. Camerapix nayo ikahamia Nairobi.

Mtu mwingine angetafuta kazi ya kupiga picha za arusi. Mombasa wakati huo ilikuwa na mabingwa wa fani hiyo, kama N. V. Parekh, ambaye studio yake iliwapokea maharusi, maswahiba na familia za Waswahili, Wahindi na Waarabu waliotaka kukumbukwa wakiwa wamependeza. Sanaa hiyo ya taa na pazia ilikuwa na heshima yake, na mtafiti wa maisha ya Mombasa hawezi kuipuuza. Lakini Amin hakuwa mtu wa kungoja wateja waje wamechana nywele.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi mbele ya duka la dawa katikati ya Nairobi. Amin alifika katika dakika chache, akaendelea kupiga picha wakati jitihada za kumwokoa waziri huyo zilipokuwa zikiendelea ndani ya gari la wagonjwa. Alikuwa akimfahamu Mboya, na kazi hiyo haikuwa nyepesi kwake. Picha hizo zilimpatia tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa Uingereza wa mwaka 1969. Wasomaji wa Mombasa wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba Mboya alijijengea jina kisiwani humo mwaka 1955, alipowapatia makuli wa bandari nyongeza ya mshahara ya thuluthi moja baada ya mgomo mkubwa Kilindini. Mboya alikufa na umri wa miaka 38 tu.

Miaka iliyofuata ilimkuta Amin Kampala, Bangui, Mogadishu, Makka na kwingineko. Alikuwa miongoni mwa wanahabari wa kwanza kufika Uganda baada ya Idi Amin kunyakua mamlaka Januari 1971, na kufanana kwao kwa jina kulizaa mizaha mingi isiyochekesha. Mwaka uliofuata mtawala huyo aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Treni maalumu ziliwateremsha maelfu kutoka Kampala hadi Mombasa, wakapanda meli za kwenda Bombay. Wajukuu wa watu walioijenga reli, au wa majirani zao, walirudishwa kwa reli hiyohiyo hadi mahali babu zao walipoteremkia. Kilindini imeshuhudia mengi, lakini ni siku chache zilizokuwa na uchungu kama zile.

Kisha reli yenyewe ikakatika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na shirika la reli lililokuwa moja likagawanywa vipande vitatu. Serikali zikagombania injini na mabehewa kama ndugu wanaogombania mirathi kabla ya arobaini. Wafanyakazi waliozoea kuhamishwa kutoka Tabora hadi Nakuru waligundua ghafla kwamba wao ni wageni. Kwa familia kama ya Sardar Mohamed, iliyoishi pande zote mbili za mpaka kwa amri ya mwajiri mmoja, nchi ile ndefu yenye stesheni nyingi ilikuwa imekwisha.

Wakati huohuo moshi nao ulikuwa ukizimika. Injini maarufu za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock na kuletwa mwaka 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 pamoja na mafuta na maji. Katika reli zote duniani zenye upana wa mita moja, hazikuwapo injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima: Kenya, Ruwenzori, Kilimanjaro, Gelai. Kazi yake kubwa ilikuwa kuikwea njia ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, zikikokota mizigo ya nchi mbili. Injini za dizeli zilipozidi, milima hiyo ya chuma ikastaafishwa moja baada ya nyingine, na kufikia 1980 ilikuwa imetoka njiani. Nyingi zilikatwakatwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Gelai ilisalimika katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Waswahili, kwa upande wao, hawakubadilisha jina. Gari la moshi liliendelea kuitwa gari la moshi hata lilipokosa moshi.

Huo ndio wakati Amin alipoigeukia reli. Pamoja na mpigapicha mwenzake Duncan Willetts na mwandishi Alastair Matheson, alitayarisha kitabu kiitwacho Railway Across the Equator, kilichochapishwa London na Bodley Head mwaka 1986. Kilikuja wakati mwafaka, ingawa haikuonekana hivyo siku zile. Shirika la Reli la Kenya lilikuwa halijatimiza miaka kumi. Mabehewa ya daraja la kwanza bado yalikuwa na shuka safi, na mhudumu bado alipita ujiani akigonga kengele kuwaita abiria kwenye behewa la chakula, ambamo baadhi ya vijiko na sahani zilikuwa na alama za shirika lililokwisha kufa. Kuta nyingi za mawe zilizojengwa na waashi kama Sardar Mohamed zilisimama wima. Aliyekuja miaka 20 baadaye angekuta nusu ya hayo hayapo.

Si kwamba kitabu hicho hakina kasoro. Ni kitabu cha kupendeza, chenye karatasi nzito, kilichowalenga wasomaji wa Kiingereza wenye uwezo wa kukinunua, na wafanyakazi wa landi za reli za Mombasa na Nairobi hawakuwa miongoni mwao. Uzuri wa mandhari wakati mwingine hufunika ugumu wa kazi. Lakini kina kitu ambacho hati za serikali hazina: kinaiona reli ya Afrika Mashariki kama kitu kimoja, kutoka bahari hadi ziwa hadi Uganda, wakati ambapo serikali zilikuwa zimeshaamua kuiona kama vipande.

Kabla ya kitabu hicho kutoka, Oktoba 1984, alikuwa amefanya kazi iliyomfanya ajulikane pembe zote za dunia. Alikwenda kaskazini mwa Ethiopia na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Huko Korem na Mekele walikuta makumi ya maelfu ya watu wakifa njaa katika baridi ya asubuhi. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imetoka tu kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi kwa gharama kubwa, na vita vya kaskazini vilikuwa vimezidisha ukame. Taarifa yao ilitangazwa tarehe 23 Oktoba, kisha ikarushwa na vituo vya televisheni mamia. Wanamuziki wa Uingereza na Marekani wakatoa nyimbo za kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid London na Philadelphia.

Wapo waliolalamika baadaye, na wana hoja, kwamba picha zile ziliacha katika macho ya wageni sura ya Afrika isiyojiweza, yenye mikono iliyonyooshwa tu. Lakini lawama hiyo ni vigumu kumtwika Mwafrika aliyezipiga. Aliyekwenda Korem alikuwa mtu wa Nairobi aliyezunguka bara hili kwa miaka 20, ambaye wakati uleule alikuwa akichapa vitabu kuhusu Ziwa Turkana, hija ya Makka, wanyama wa mbuga na, kama ilivyoelezwa, treni. Kwamba dunia ilichagua kuikumbuka njaa na kuyasahau mengine ni habari ya dunia zaidi kuliko yake.

Juni 1991, siku chache baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alikuwa karibu akipiga filamu. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa papo hapo. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Kwa mtu aishiye kwa kubeba kamera, hilo lingekuwa mwisho. Aliwekewa mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, akajifunza upya namna ya kushika na kulenga, na akarudi kazini baada ya miezi kadhaa. Waliofanya kazi naye walisema hakuwa bosi rahisi. Aliamka kabla ya alfajiri, alitarajia wengine wafanye vivyo hivyo, na familia yake ilimwona kwa nadra. Hayo mwanawe, Salim, aliyaeleza bila kuficha katika filamu ya Mo & Me iliyotoka mwaka 2006.

Tarehe 23 Novemba 1996 Amin alipanda ndege ya shirika la ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurejea Nairobi. Alifuatana na Brian Tetley, mwandishi na rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa ameandika kitabu cha maisha yake. Wanaume watatu waliiteka nyara ndege hiyo, wakamwamuru rubani aipeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Ndege iliambaa na pwani ya Afrika ikielekea kusini hadi mafuta yalipoisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, mbele ya macho ya wavuvi na watalii. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Amin na Tetley walikuwa miongoni mwao. Manusura walieleza kwamba dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama akibishana na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Alikufa katika bahari ileile inayopiga kuta za Ngome ya Yesu, na hakuyaona yaliyoipata reli baadaye, ingawa dalili zilikuwapo. Januari 1993 mafuriko yalikuwa yamelisomba daraja la Ngai Ndethya, na treni ya usiku ya abiria baina ya Nairobi na Mombasa ikatumbukia mtoni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Injini ziliharibika bila vipuri, malori yakachukua mizigo, na safari ya usiku mmoja ikawa ya mchana kutwa na usiku. Mwaka 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya kibinafsi kwa matumaini makubwa. Mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017.

Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, safari za treni ya abiria ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa zilisitishwa. Tarehe 31 Mei reli mpya ya kisasa ikazinduliwa, yenye treni inayotumia saa tano badala ya usiku mzima. Kituo chake cha Mombasa kilijengwa Miritini, bara. Walioshuka humo siku ya kwanza walitafuta matatu ya kuwavusha hadi mjini, na kule kisiwani, kwenye majukwaa ya stesheni ya Haile Selassie, saa ya jioni ya kuondoka treni ilifika pasiwe na abiria.

Hazina ya Camerapix, inayosemekana kuwa na picha zaidi ya milioni tatu pamoja na filamu, imebaki Nairobi chini ya uangalizi wa familia, na maelfu ya picha zake yamekwisha kuwekwa kwenye intaneti. Nakala za kitabu cha reli hupatikana kwa wauzaji wa vitabu vya zamani.